Robo Nzima kwa Mwaka Mmoja: Uchambuzi wa Rojo la Mbao Litokalo Brazil Kwenda China

Mwaka 2023 China iliagiza kutoka nje karibu tani milioni 36.7 za rojo la kutengenezea karatasi, ilhali mwaka uliotangulia ilikuwa imeagiza takriban tani milioni 29.2. Hilo ni ongezeko la robo nzima ndani ya miezi kumi na miwili, nalo lilitokea katika mwaka ambao sekta ya ujenzi wa nyumba nchini humo ilikuwa katika mgogoro, mauzo yake ya bidhaa nje ya nchi yalipungua, na familia nyingi za mijini zilikuwa zikibana matumizi. Mnufaika mkubwa wa ongezeko hilo alikuwa Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nje rojo la mbao na ambayo kwa miaka kadhaa sasa hupeleka China zaidi ya asilimia 40 ya rojo lote inalouza ng'ambo. Swali linalozaliwa na takwimu hizo ni rahisi kuuliza kuliko kulijibu: kwa nini nchi ambayo uchumi wake umepoa inunue rojo kwa pupa kiasi hicho?

Rojo la mbao ni nyuzi za mti zilizotenganishwa kwa kupikwa na kemikali ndani ya matangi makubwa, zikasafishwa hadi zikawa nyeupe, kisha zikakamuliwa na kukaushwa kuwa mashiti manene. Mashiti hayo hufungwa katika marobota ya takriban kilo 250, na marobota manane hufungwa pamoja kuwa mzigo mmoja wa tani mbili ambao winchi ya meli huweza kuunyanyua kwa mkupuo. Soko hutofautisha aina mbili kubwa. Rojo la nyuzi ndefu hutokana na misonobari na jamii zake, hasa za Kanada, Finland, Sweden, Urusi na Chile, na huipa karatasi uimara. Rojo la nyuzi fupi hutokana na miti ya mbao ngumu, na siku hizi kwa sehemu kubwa ni mkaratusi, nalo huipa karatasi ulaini na uso mzuri wa kuchapia. Brazil ni bingwa wa aina hii ya pili, na karibu yote yatakayosemwa hapa yanahusu rojo la mkaratusi.

Ubingwa huo haukuja kwa bahati. Mkaratusi uliletwa kutoka Australia na kuenezwa katika jimbo la São Paulo mwanzoni mwa karne ya 20 na mtaalamu wa kilimo Edmundo Navarro de Andrade, ambaye aliajiriwa na kampuni ya reli iliyohitaji kuni za injini na mataruma. Kwa miongo mingi wenye viwanda waliamini kwamba nyuzi zake ni fupi mno kufaa karatasi. Kampuni ya Suzano, iliyoanzishwa na Leon Feffer mwaka 1924, ilifanya utafiti katika miaka ya 1950 na hatimaye ikazalisha karatasi kwa rojo la mkaratusi pekee kwa kiwango cha kiwanda. Kilichofuata kilikuwa kazi ya wataalamu wa mbegu na vipandikizi. Leo hekta moja ya mikaratusi ya Brazil hutoa mita za ujazo 30 na zaidi za mbao kwa mwaka, na mti hukatwa ukiwa na miaka sita au saba, wakati mti wa Finland husubiriwa kwa miaka sitini au zaidi. Kwa hiyo viwanda bora vya Brazil vinaweza kuzalisha tani moja ya rojo kwa gharama ya moja kwa moja isiyofika dola 200, kabla ya kuhesabu usafiri, riba na uchakavu wa mitambo. Hakuna mzalishaji wa kaskazini mwa dunia anayeikaribia gharama hiyo, na tofauti hiyo ndiyo mhimili wa kisa chote, kwa sababu bei inapoporomoka anayetangulia kuzima mitambo si Mbrazili.

Inafaa kukumbuka kwamba China haikuwa nchi ya kwanza ya Asia kulitamani rojo la Brazil. Japani ilitangulia, na ilitumia njia tofauti kabisa. Kiwanda cha Cenibra katika jimbo la Minas Gerais kilianza kazi mwaka 1977 kama ubia wa kampuni ya madini ya serikali ya Brazil na muungano wa makampuni ya Kijapani, na mwaka 2001 Wajapani wakakimiliki chote. Japani ilitaka uhakika wa nyuzi, na ikaupata kwa kumiliki kiwanda na mashamba yake. Wanunuzi wa Kichina kwa kawaida hawakufuata njia hiyo huko Brazil. Wao hununua mzigo kwa bei inayojadiliwa mwezi hadi mwezi, bei halisi isiyo na punguzo la kufichwa, tofauti na Ulaya ambako kwa muda mrefu bei ilitangazwa juu kisha muuzaji na mnunuzi wakakubaliana punguzo chini kwa chini. Matokeo yake ni kwamba bei ya China hutangulia kupanda na hutangulia kushuka, na kiasi kinachonunuliwa huyumba nayo. Aliyechagua kununua hivi hafungwi na ahadi ya miaka mingi. Anaponunua sana au kidogo, anatoa hukumu yake juu ya bei ya siku hiyo.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kukua kwa uagizaji wa China huanza na marufuku ya karatasi taka. Mwaka 2012 China iliagiza takriban tani milioni 30 za karatasi zilizotumika, nyingi kutoka Marekani na Ulaya, na matajiri wakubwa wa sekta hiyo, akiwamo Zhang Yin wa kampuni ya Nine Dragons, walijenga utajiri wao juu ya taka hizo. Mwezi Julai 2017 serikali iliiarifu WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani, kwamba ingefunga mlango kwa aina kadhaa za taka. Mwaka 2018 karatasi mchanganyiko zisizochambuliwa zilipigwa marufuku na kiwango cha uchafu kinachoruhusiwa kikashushwa hadi asilimia 0.5, na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 uagizaji wa taka ngumu ulikomeshwa kabisa. Katika kipindi hichohicho uagizaji wa rojo ulipanda kutoka karibu tani milioni 23.7 mwaka 2017 hadi zaidi ya milioni 30 mwaka 2020. Ukiziweka takwimu hizo mbili pamoja, hitimisho linajitokeza lenyewe: taka zilizuiwa, rojo likajaza pengo.

Hitimisho hilo lina ukweli, lakini limekuzwa mno. Karatasi taka zilizokuwa zikiingia China zilitumika kwa sehemu kubwa kutengeneza maboksi ya kahawia ya kufungia bidhaa. Rojo jeupe la mkaratusi haliendi huko. Lina bei ya juu mno kwa kazi hiyo. Pengo la maboksi lilizibwa zaidi kwa ukusanyaji wa taka za ndani, kwa karatasi za maboksi zilizoagizwa zikiwa tayari, na kwa rojo la taka lililosindikwa katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki ambako makampuni ya Kichina yalihamishia mitambo. Rojo la Brazil huenda kwenye tishu za chooni na za mezani, kwenye karatasi za kuandikia na kuchapia, na kwenye kadibodi nyeupe inayotengenezwa vifungashio vya dawa, vipodozi na vyakula. Bidhaa hizo zilikuwa na sababu zake za kukua: matumizi ya tishu kwa kila Mchina bado yako chini sana ya yale ya Mmarekani lakini yamekuwa yakipanda, na kadibodi nyeupe ilipata nafasi mpya serikali ilipoanza kubana mifuko na vyombo vya plastiki. Mchambuzi anayeegemea marufuku ya taka peke yake atashindwa kueleza kwa nini uagizaji ulipungua kidogo mwaka 2021, mwaka uleule ambao marufuku ilikamilika.

Kabla ya kufika 2023 lazima tupitie 2018 na 2019, kwa kuwa miaka hiyo ilikuwa mazoezi ya yaliyokuja. Mwezi Machi 2018 Suzano ilitangaza kuungana na Fibria, kampuni iliyokuwa imezaliwa mwaka 2009 kutokana na Aracruz na kitengo cha karatasi cha Votorantim, na muungano ukakamilika Januari 2019. Muuzaji mmoja akajikuta na uwezo wa kuzalisha karibu tani milioni 11 kwa mwaka. Wanunuzi wa China waliona hatari mapema: bei ilikuwa imepanda sana mwaka 2018, na sasa muuzaji mkuu alikuwa amekuwa mkubwa zaidi. Walipunguza ununuzi na kula akiba yao, huku Suzano ikishikilia bei na kuacha marobota yajae maghalani. Nusu ya kwanza ya 2019 ilipita katika mvutano huo. Mwishowe ni muuzaji aliyelegea: Suzano ilipunguza uzalishaji wake wa mwaka huo hadi kati ya tani milioni 9.0 na 9.4, bei ikashuka sana, na China ikarudi sokoni na kununua kwa wingi. Uagizaji wa mwaka mzima ukaishia juu ya ule wa 2018. Mtu aliyetazama takwimu za mwaka peke yake aliona ukuaji mzuri wa mahitaji. Aliyefuatilia miezi aliona mnunuzi aliyesubiri mpaka bei imfae.

Mzunguko wa 2021 hadi 2023 ulifuata mtindo huohuo kwa ukubwa zaidi. Katika mwaka 2021 na 2022 rojo lilikuwa adimu kwa sababu zilizorundikana: msongamano wa bandari na uhaba wa makontena baada ya janga la korona, mgomo mrefu katika viwanda vya UPM, kampuni ya rojo na karatasi, nchini Finland uliodumu kuanzia Januari hadi Aprili 2022, vita vya Urusi nchini Ukraine vilivyokata biashara ya mbao kati ya Urusi na Ulaya, na kuchelewa kwa mitambo mipya ya Amerika ya Kusini. Bei ya rojo la mkaratusi nchini China ilipita dola 850 kwa tani katika nusu ya pili ya 2022. Viwanda vya karatasi vya China, ambavyo haviwezi kumhamishia mteja gharama yote, vilipunguza ununuzi na kuishi kwa akiba. Kwa hiyo ile tani milioni 29.2 ya 2022, ambayo ndiyo msingi wa kukokotoa ongezeko la robo nzima, ilikuwa yenyewe pungufu ya hali ya kawaida. Anayepima urefu wa mtu aliyesimama kutoka pale alipokuwa amechuchumaa atadhani amekua.

Mwanzoni mwa 2023 kila kitu kiligeuka kwa pamoja. Mradi mpya wa kampuni ya Arauco nchini Chile uliingia sokoni, na mwezi Aprili UPM ikawasha kiwanda chake cha Paso de los Toros nchini Uruguay chenye uwezo wa tani milioni 2.1 kwa mwaka. Wakati huohuo Ulaya, iliyokuwa imejaza maghala yake mwaka uliotangulia kwa hofu ya uhaba, ilisimamisha ununuzi, na mizigo iliyokosa mnunuzi huko ikaelekezwa Asia. Kufikia katikati ya mwaka bei ya China ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 500 na hata chini yake, kiwango ambacho baadhi ya wazalishaji wa kaskazini huuza kwa hasara. Hapo ndipo wanunuzi wa China walipofungua pochi. Walijaza maghala, walilisha mitambo mipya ya tishu na kadibodi iliyokuwa ikifunguliwa katika majimbo kama Shandong, Fujian na Guangxi, na wale waliokuwa na viwanda vyao vya rojo walilinganisha gharama na kuona kwamba marobota ya Brazil ni nafuu kuliko kuzalisha wenyewe. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya lile ongezeko la tani milioni 7.5 ni jumla ya mambo matatu: akiba iliyorudishwa, rojo la Brazil na majirani zake lililochukua nafasi ya rojo lingine, na mzigo ambao Ulaya iliukataa. Ongezeko la karatasi lililotumiwa kweli na watu wa China lilikuwepo, ila lilikuwa dogo kuliko takwimu za forodha zinavyoashiria. Ushahidi ulikuja mwaka uliofuata: bei ilipopanda tena katika nusu ya kwanza ya 2024, uagizaji wa mwaka huo ulirudi nyuma hadi takriban tani milioni 34.

Hapa panahitaji tahadhari kuhusu takwimu zenyewe, kwa kuwa anayechukua jedwali la forodha la Brazil na kulilinganisha na la China atakuta hayakubaliani, na anaweza kudhani kuna udanganyifu. Mara nyingi hakuna. Brazil huandika thamani ya mzigo ukiwa bandarini kwake, bila nauli ya meli wala bima. China huandika thamani ukiwa umefika, pamoja na nauli na bima. Meli inayotoka bandari ya Santos nchini Brazil huzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuvuka Bahari ya Hindi, safari ya zaidi ya mwezi mmoja, kwa hiyo mzigo wa Desemba wa Brazil ni mzigo wa Januari au Februari wa China. Rojo huuzwa kwa tani ya kibiashara yenye unyevu wa asilimia 10, na si kila ofisi inayoandika takwimu hutumia kipimo hicho. Tena, jumla ya China inayotajwa mara nyingi hujumuisha rojo la aina zote, likiwamo lile linalotengenezewa nyuzi za nguo, ilhali habari za Brazil huzungumzia zaidi rojo jeupe la mkaratusi. Kabla ya kusema kwamba mwelekeo umebadilika, ni busara kutazama walau robo mbili za mwaka mfululizo na kulinganisha tani na tani, si tani na dola.

Dola nazo zina hadithi yake. Mapato ya Brazil kutokana na rojo katika masoko yote yalikuwa zaidi ya dola bilioni 8 mwaka 2022, yakashuka kidogo chini ya bilioni 8 mwaka 2023, kisha yakapita bilioni 10 mwaka 2024. Mwaka ambao China ilinunua kwa wingi kuliko wakati wowote uliotangulia ndio mwaka ambao Brazil ilipata fedha pungufu, na mwaka ambao China ilipunguza ununuzi ndio uliojaza hazina. Waziri wa biashara anayejivunia tani anapaswa kulitazama hilo kwanza. Upande wa China nao haukuwa salama: mwishoni mwa 2024 Chenming ya Shouguang, mojawapo ya kampuni kongwe za karatasi nchini humo, ililazimika kusimamisha sehemu kubwa ya mitambo yake huku madeni yakichelewa kulipwa. Mitambo ilijengwa mingi kuliko wateja, na rojo la bei nafuu lilirefusha tu maisha ya baadhi yake.

Uhusiano wa nchi hizi mbili haupimwi kwa bei pekee. Kampuni ya serikali ya China ya COSCO imejenga meli maalumu za kubeba rojo kutoka Brazil, na zinaporudi Amerika ya Kusini hubeba magari yaliyopangwa juu ya fremu zinazokunjika, jambo linalopunguza nauli ya pande zote mbili. Mwaka 2024 Suzano ilikopa kwa yuan ndani ya soko la hati fungani la China. Mnunuzi asiyetaka kumiliki mashamba amejipenyeza katika njia ya mzigo na katika deni la muuzaji, na nadhani hilo ni shikizo imara kuliko mkataba wa ununuzi.

Gharama ndogo ya Brazil haihesabu kila kitu. Katika jimbo la Espírito Santo, ambako Aracruz ilianza kuzalisha mwaka 1978, jamii za asili za Watupinikim na Waguarani waligombea ardhi na kampuni hiyo kwa miongo kadhaa hadi serikali ilipowatambulia takriban hekta 11,000 mwaka 2007. Tarehe 8 Machi 2006 wanawake wa vuguvugu la wakulima wasio na ardhi walivamia kitalu cha kampuni hiyohiyo huko Barra do Ribeiro, kusini mwa nchi, na kuharibu miche. Wapinzani huyaita mashamba haya jangwa la kijani, na hoja yao kuhusu maji si ngeni kwa msomaji wa Kenya anayekumbuka agizo la Waziri John Michuki mwaka 2009 la kung'oa mikaratusi kandokando ya vyanzo vya maji. Wazalishaji hujibu kwamba upanuzi wa sasa unafanyika juu ya malisho ya ng'ombe yaliyochakaa, hasa katika jimbo la Mato Grosso do Sul, na kwa kiasi kikubwa hilo ni kweli. Lakini jimbo lenye mmea mmoja na wateja wachache limejifunga kwa bei inayoamuliwa Qingdao na Shanghai.

Na bado linajengwa. Mwezi Julai 2024 Suzano iliwasha kiwanda cha Ribas do Rio Pardo katika jimbo hilo, chenye mstari mmoja wa kuzalisha tani milioni 2.55 kwa mwaka, kwa gharama ya reali bilioni 22.2. Marobota yake hupakiwa kwenye malori hadi kituo cha Inocência, kisha kwenye treni hadi Santos. Arauco inajenga kiwanda chake kingine katika eneo hilohilo la Inocência, cha tani milioni 3.5, kinachotarajiwa kuanza mwishoni mwa 2027. Marekani ilipoongeza ushuru wa asilimia 40 juu ya bidhaa nyingi za Brazil katikati ya 2025, rojo la mbao liliwekwa kando ya ushuru huo, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya ghafla ya kuusukuma mzigo wa Marekani kwenda Asia.

Jibu la China kwa mitambo hiyo ni kujenga matangi yake ya kupikia rojo. Kwa kuwa ukataji wa kibiashara wa misitu ya asili ulikomeshwa nchini kote kuanzia 2017, na mashamba ya mikaratusi ya Guangxi na Guangdong hayatoshi, viwanda hivyo vipya hutegemea mabanzi ya mbao, yaani vipande vidogo vya mti ambavyo bado havijapikwa kuwa rojo, yanayoagizwa kwa meli, mengi kutoka Vietnam. Kwenye jedwali la forodha mabanzi na rojo huandikwa sehemu tofauti, wakati kwa mwenye kiwanda ni njia mbili za kupata nyuzi zilezile. Rojo la Brazil linapokuwa chini ya gharama ya kupika mabanzi ya Vietnam, matangi ya China hupunguza kazi na marobota huongezeka. Linapopanda, mabanzi hurudi. Kwa makadirio yangu, mpaka huo wa bei ndio utakaoamua tani za miaka ijayo kuliko idadi ya tishu zitakazotumiwa Beijing, na mtu anayetaka kufuatilia mwenendo wa uagizaji kutoka Brazil atafanya vyema kuweka bei ya mabanzi ya Vietnam kwenye safu ya pili ya jedwali lake.